Msuli Unaojinyima Damu

Katika vijiji vingi vya Wilaya ya Muleba, na hata kandokando ya mji wa Bukoba, nyumba na vibanja vya migomba viko juu ya vilima, ilhali chemchemi ziko mabondeni. Mtu apandaye na dumu la lita 20 mkononi hulazimika kulitua mara kadhaa kabla hajafika kwake. Ajabu ni kwamba miguu, ambayo ndiyo inayoupandisha mwili mzima pamoja na mzigo, haijashindwa. Kilichoshindwa ni mkono, ambao haukufanya lolote ila kushika. Jambo hili lina maelezo ya kifiziolojia, na maelezo hayo yanawahusu hasa wazee na watu wenye shinikizo kubwa la damu.

Msuli hauwezi kufanya kazi kwa muda mrefu pasipo damu. Damu ndiyo iletayo oksijeni na chakula, nayo ndiyo iondoayo joto, kaboni dayoksaidi na asidi. Mtu aliyepumzika, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na misuli yote hupata kama sehemu moja ya tano tu. Katika kazi nzito, moyo wa kijana mwenye afya huweza kusukuma lita 20 au zaidi, na sehemu kubwa ya damu hiyo huelekezwa kwenye misuli inayofanya kazi. Miguu inayotembea huupata mgawo wake bila taabu, kwa kuwa misuli yake hukaza na kulegea kwa zamu. Shavu la mguu likikaza, huzibana vena na kuirudisha damu moyoni. Likilegea, damu mpya huingia.

Mkono ulioshika dumu haulegei. Msuli uliokazwa mfululizo huigandamiza mishipa midogo ipitayo ndani yake, na kadiri unavyokazwa zaidi ndivyo njia inavyozidi kuwa nyembamba. Nguvu inayotumika ikipita nusu ya uwezo wote wa msuli, damu hukaribia kusimama katika misuli mingi. Hapo msuli hugeukia akiba yake wenyewe na kuvunja glaikojeni pasipo oksijeni, njia itoayo nguvu upesi lakini kwa uchache, na yenye kuacha mabaki mengi. Ndiyo sababu mtu hawezi kushikilia kitu kwa nusu ya nguvu zake zaidi ya kama dakika moja, ingawa aweza kutembea kutwa.

Uchovu huo wa vidole ungekuwa jambo dogo kama ungeishia mkononi. Lakini mabaki yale huziamsha neva za msuli, nazo hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo hujibu kwa kuuharakisha moyo na kuibana mishipa ya sehemu nyingine za mwili, ili shinikizo lipande na damu ilazimishwe kuingia katika msuli uliozibwa. Mwaka 1937 watafiti wawili wa Cairo, Alam na Smirk, walilionyesha jambo hili kwa njia nyepesi kabisa. Waliwafanyisha watu kazi ya misuli huku kiungo kinachofanya kazi kimefungwa mkanda wa hewa ili damu isipite. Kazi ilipokoma, shinikizo halikurudi mahali pake. Lilibaki juu maadamu mkanda ulibana, likashuka ulipofunguliwa. Msuli ulikuwa umetulia, lakini mabaki yalikuwa bado yamefungiwa ndani.

Kwa hiyo hata misuli michache ya kigasha yaweza kulipandisha shinikizo la mwili mzima. Misuli mikubwa hufanya zaidi: mwaka 1985 MacDougall na wenzake huko Kanada walipima ndani ya ateri za wanyanyua vyuma, na walipokuwa wakisukuma mzigo kwa miguu yote miwili, kilele cha wastani kilifikia 320 kwa 250, pale ambapo 120 kwa 80 ndicho kipimo cha kawaida cha mtu aliyepumzika. Kuzuia pumzi nako kulichangia. Kijana mwenye mishipa mizima huvumilia. Mzee ambaye shinikizo lake limekuwa juu tangu alipoamka anakaribisha kiharusi.

Desturi ya kujitwika kichwani, ambayo wengine huiona ya kizamani, ina busara katika jambo hili: uzito hushuka kupitia mifupa, na vidole haviachiwi mzigo wote, ijapokuwa shingo nayo hulipa gharama yake. Anayelazimika kubeba kwa mkono ni heri agawe maji katika vyombo viwili vidogo, atue kabla vidole havijauma, wala asizuie pumzi wakati wa kunyanyua. Wapelekao mikungu sokoni kwa baiskeli nao wakumbuke kuilegeza mikono mara kwa mara, hasa mteremkoni wanapoikamata breki.

Yapo maumivu mengine yasiyopaswa kuchanganywa na haya. Kama shavu la mguu huuma kila mtu anapotembea umbali uleule, hasa akipanda kilima, na kutulia baada ya dakika chache za kusimama, huenda ateri ya mguu imekuwa nyembamba kwa ndani; wavutaji wa tumbaku na wenye kisukari ndio hupatwa zaidi. Huyo aende hospitali. Mara nyingi ataagizwa aache tumbaku na azidi kutembea, akipumzika kila maumivu yajapo, kwani kwa miezi kadhaa umbali anaoweza kwenda huongezeka.