Waya wa Spika za Gari: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo au Luthuli Avenue ukaomba waya wa spika za gari, huenda ukaulizwa swali moja tu: mnene au mwembamba? Wengi hujibu "mnene" ili kuondoa wasiwasi. Matokeo yake mtu hulipia shaba asiyoihitaji kwenye spika za mlangoni, kisha pesa zikapungua pale zilipohitajika kweli.

Unene wa waya unaamuliwa na mambo matatu: urefu wa njia kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika, omu za spika, na mkondo wa umeme utakaopita. Yote matatu unaweza kuyajua kabla ya kutoka nyumbani, ukiwa na uzi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Kwa nini unene una maana

Shaba hupitisha umeme vizuri, lakini kila mita yake ina ukinzani kidogo. Waya ukiwa mrefu ukinzani huongezeka, ukiwa mnene hupungua. Spika nyingi za gari ni za omu 4, wakati za nyumbani mara nyingi ni 6 au 8, kwa hiyo ukinzani uleule huumiza zaidi garini.

Kanuni nzuri ya kufuata ni hii: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Ukifika kwenye kikomo hicho, spika inakosa karibu asilimia 9 ya nguvu yake, lakini kwa sikio hilo ni punguzo lisilofika nusu desibeli, na ni vigumu mtu kulitambua. Mpaka ukinzani ufike kama asilimia 12 ndipo sauti hushuka kwa desibeli moja, na hapo msikilizaji makini ataanza kuhisi tofauti.

Pima njia halisi

Usipime kwa macho kutoka kwenye buti hadi dashibodi. Waya haupiti hewani. Unashuka chini ya kapeti, unafuata kizingiti cha mlango, unapanda kwenye nguzo ya mbele, kisha unapenya bomba la mpira lililo kati ya bodi na mlango. Pitisha uzi njia yote hiyo, uupime, uongeze nusu mita ya akiba. Kwenye gari kama Toyota Noah, amplifaya ikiwa nyuma, njia ya kufikia mlango wa mbele inaweza kufika mita 5 au 6. Woofa iliyo kwenye buti hilohilo haihitaji hata mita 2.

Hesabu ya mstari mmoja

Chukua mita za njia (upande mmoja tu), zidisha kwa 0.7, gawanya kwa omu za spika. Jibu ni milimita za mraba za shaba unazohitaji kwa kiwango cha chini. Kurudi kwa waya kumeshahesabiwa ndani ya hiyo 0.7.

- Spika ya mlango, mita 5, omu 4: 5 × 0.7 ÷ 4 = 0.88. Nunua waya wa 1.0, ukichukua wa 1.5 umetosheka kabisa.
- Spika mbili za omu 4 zilizoungwa sambamba kwenye waya mmoja, mita 5: omu zinashuka hadi 2, jibu ni 1.75. Nunua wa 2.5.
- Woofa ya omu 2, mita 2: jibu ni 0.7. Hapa usinunue kabla hujasoma kifungu kinachofuata.

Woofa ina hesabu ya pili

Kwa njia fupi, ukinzani si tatizo tena; tatizo ni joto. Gawanya wati halisi kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: hizo ndizo ampea zinazopita. Spika ya wati 100 na omu 4 inavuta ampea 5. Woofa ya wati 600 na omu 2 inavuta zaidi ya ampea 17. Waya wa 0.75 utapata moto kwa mzigo huo, hata kama hesabu ya kwanza imeukubali. Kwa woofa ya namna hiyo tumia wa 2.5, na ikiwa ni ya omu 1 yenye wati nyingi, panda hadi wa 4. Kati ya hesabu mbili, fuata kila mara inayodai waya mnene zaidi.

Zingatia neno "halisi". Redio iliyoandikwa "50W × 4" kwa kawaida hutoa chini ya wati 20 za kudumu kwa kila spika. Kama huna amplifaya, nyaya zilizotoka na gari mara nyingi zinatosha. Kuzing'oa ni kujitafutia kazi.

Geji na milimita

Nyaya nyingi za spika huandikwa kwa geji ya Kimarekani, ambayo namba yake ikipanda, waya unapungua. Geji 18 ni kama milimita za mraba 0.8, geji 16 ni 1.3, geji 14 ni 2.1 na geji 12 ni 3.3. Usidanganywe na unene wa plastiki: linganisha shaba iliyo ndani.

Waya mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja usiupitishe garini. Mtikisiko huuchosha hadi ukakatika. Chukua wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Shaba au alumini iliyopakwa?

Nyaya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona wekundu juu na weupe ndani, ni alumini. Ukiona weupe juu na wekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri. Dalili nyingine ni uzito: roli ya alumini ni nyepesi kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake. Si marufuku kuitumia, lakini zidisha jibu lako kwa 1.6. Palipohitaji 1.5 ya shaba, weka 2.5.

Wakati wa kufunga

Ukimenya waya, usikate nyuzi; kila uzi unaoukata unapunguza unene ulioulipia. Panapopita tundu la bati, weka mpira wa kukinga. Kabla ya kuunganisha amplifaya, tumia multimita kuhakikisha hakuna waya unaogusa bodi. Spika ya omu 4 husoma karibu 3.2 hadi 3.8, hivyo usishtuke.

Hakikisha chanya imekwenda kwenye chanya. Kama alama zimefutika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye spika kwa sekunde moja: koni ikisogea nje, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea hata kama waya ni mnene kama kidole.

Pesa iende wapi

Waya unaostahili unene mkubwa ni ule wa kutoka kwenye betri. Amplifaya inayotoa wati 600 inaweza kuvuta ampea 50 hadi 60 kutoka kwenye betri. Kwa mita 5 za waya wa 6, ampea 60 hupoteza karibu volti 0.9 njiani, kwa waya wa 25 zinapotea kama 0.2. Fyuzi yake ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, isije ajali ikageuka moto.

Ukifika dukani, sema milimita, sema shaba tupu, sema mita. Kisha omba kukwangua uzi mmoja kabla roli haijakatwa.