Kinyausi: Ugonjwa wa Miche ya Misonobari

Katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, kuna misonobari mingi ambayo asili yake ni nchi ya Meksiko. Kila msonobari mkubwa ulianza kama mche mwembamba kitaluni, na katika majuma yake ya kwanza ungeweza kufa kwa siku chache tu.

Chunguza tuta la miche iliyoota karibuni. Huenda ukakuta baadhi imelala chini, ingawa vichwa vyake bado ni vya kijani. Ng'oa mmoja polepole. Utaona kwamba shina lake, pale linapotoka udongoni, ni laini, jembamba na la kahawia, kama uzi uliolowa. Mche huo haukukatwa na mdudu. Umeugua kinyausi.

Ugonjwa huu huletwa na kuvu waishio udongoni. Kuvu hawawezi kujitengenezea chakula kama mimea ya kijani. Nyuzi zao, nyembamba mno, huingia katika shina lingali laini na kuliozesha. Mara nyingine mbegu huoza kabla ya kuota, na mtunza kitalu hudhani ameuziwa mbegu mbovu!

Kuvu hao hupenda unyevu. Kwa hiyo mtunza kitalu hodari husia mbegu kwa nafasi, hamwagilii kupita kiasi, na hupunguza kivuli miche inapoota. Miche iliyougua huing'oa na kuichoma moto. Shina likisha kuwa gumu, hatari hupungua.

Je, si afadhali kuua kuvu wote? La, hasha. Msonobari una kuvu rafiki pia. Hao huizingira mizizi na kuisaidia kufyonza maji na madini, nao hupata sukari kutoka kwa mti. Msonobari uliowakosa hudumaa. Ndiyo maana udongo kidogo huchukuliwa chini ya misonobari mikubwa na kuchanganywa na udongo wa miche. Lakini udongo huo waweza kuleta rafiki na adui pamoja. Basi huchukuliwa penye miti yenye afya tu.

Jaribio

Toboa matundu chini ya makopo mawili. Yajaze udongo wa bustani, kisha panda mbegu 30 za nyanya katika kila kopo, kwani nyanya nazo huugua kinyausi. Kopo la kwanza limwagilie kidogo kila asubuhi. La pili asubuhi, adhuhuri na jioni. Kwa majuma matatu, andika kila siku idadi ya miche iliyosimama na iliyolala.

1. Kwa nini udongo na idadi ya mbegu viwe sawa katika makopo yote mawili?
2. Mbegu zisizoota kabisa zimepatwa na nini? Zifukue uzitazame.