Swapu: Kapu la Akiba la Tarakilishi

Mama muuza ndizi sokoni Marani hupanga chache mezani, nyingine huziweka kapuni nyuma yake. Meza ikijaa, zile zisizoulizwa na wateja hurudi kapuni. Tarakilishi yenye Linux hufanya vivyo hivyo: meza ni memori, kapu ni sehemu ya diski iitwayo swapu.

Nilipoweka Linux katika tarakilishi kuukuu yenye memori ya gigabaiti 2, niliiruka hatua hii. Kumbe! Nilifungua programu nyingi, memori ikajaa, Linux ikaifunga ile niliyoandikia insha. Insha nzima ikaenda!

Basi zingatieni haya:

1. Tenga sehemu ya diski. Kwa memori ya gigabaiti 2, swapu ya gigabaiti 4 yatosha.
2. Hakikisha jina la sehemu hiyo mara mbili, kwani amri ya mkswap huharibu kilichomo.
3. Iwashe kwa swapon, kisha iandike katika faili ya /etc/fstab, la sivyo ukizima mashine haitajiwasha tena.

Lakini diski ni ya polepole kuliko memori. Swapu hukuokoa, haikuongezei mbio. Wahenga hawakukosea: akiba haiozi.