Kuhesabiwa Haki: Kinyume cha Kuhukumiwa

Wapendwa, sisi tunaoishi Binza, Maswa, tunaijua hukumu isiyo na hakimu. Bibi amepikia kuni na mavi makavu ya ng'ombe tangu ujana, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Mtoto wa jirani akiugua, watu hunong'ona: mchawi. Huku Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya neno hilo, ingawa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtuhumu mtu hivyo.

Neno lile halikumfanya bibi kuwa mchawi, lilimtangaza tu. Kuhesabiwa haki nako ni kutangazwa, ila kinyume chake (soma Kumb. 25:1). Wengi wetu hudhani ni kufanywa wema kidogo kidogo. Huo ni utakaso, somo jingine.

Lakini bibi hakuwa na hatia. Sisi tunayo, na bado Mungu ametuhesabia haki kwa ajili ya Kristo, hata asiwepo wa kutuhukumu (Rum. 8:33-34). Je, tukitoka ibadani na kunong'ona habari za macho ya bibi, tumekalia kiti cha nani?

Swali la kikundi: Ni nani kijijini kwetu ananong'onwa sasa, na nani atakwenda kumsalimu wiki hii?