Kutazamia Mambo Yajayo

Kutazamia yajayo si kupiga ramli. Njia ya kwanza ni kuhesabu. Mwaka 1997 Serikali ya Uganda iliondoa ada ya shule ya msingi kwa watoto wanne wa kila nyumba. Walioanza darasa la kwanza mwaka ule walimaliza la saba mwaka 2003. Sekondari ya bure ikaanza 2007. Hesabu hiyo hata mtoto angeiweza.

Lakini kwetu Nakivale vita vya jirani huleta watoto wasiomo katika daftari. Basi njia ya pili ni kuuliza: wakija wengi, je? Wasipokuja, je? Tujiweke tayari kwa yote mawili.

Mimi nasoma Mbarara. Mdogo wangu yuko Nakivale, darasa la tano. Miaka mitatu ijayo atataka dawati la sekondari. Nani amelihesabu?