Waridi la Naivasha na hesabu ya hewa ya ukaa

Mnunuzi wa Ulaya siku hizi haulizi bei na ubora peke yake; anataka kujua pia shehena imetoa hewa ya ukaa kiasi gani hadi kumfikia. Hesabu hiyo ndiyo iitwayo alama ya kaboni.

Kupima si uganga. Kiasi cha nishati iliyotumika huzidishwa kwa kiwango chake cha utoaji. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7. Tuseme lori limetumia lita 500 kupeleka tani 25: limetoa kilo 1,350, yaani kilo 54 kwa kila tani ya mzigo. Likirudi tupu, mafuta ya kurudi nayo huingia hesabuni. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Umeme ulionunuliwa huhesabiwa vivyo hivyo. Kazi ngumu ni yale yanayotokea kwa wengine: wauza malighafi, wasafirishaji na watumiaji. Fungu hilo aghalabu ndilo kubwa kuliko yote.

Soko la maua lina funzo zuri. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kililinganisha waridi 12,000 za Kenya na idadi hiyo hiyo za Uholanzi. Za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilitoa takriban kilo 6,000. Za Uholanzi kilo 35,000. Nyumba za vioo za Uholanzi zilihitaji joto na taa, ilhali jua la Naivasha halilipiwi ankara. Aliyehesabu kilomita tu angemhukumu Mkenya bure. Hata hivyo utafiti huo uliagizwa na kampuni ya kuuza maua, jambo ambalo mwekezaji makini hulitazama kwanza. Na katika kilo zile 6,000, sehemu kubwa ni ya ndege. Ndiyo maana wakulima wanajaribu meli.

Kwa sasa maua, kahawa na chai hazimo katika ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya, ulioanza kwa taarifa Oktoba 2023 na kuingia hatua ya malipo Januari 2026. Zilizomo ni saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Mwenye hisa za saruji aulize kiwanda kinatumia klinka kiasi gani, kwani mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ya ukaa yenyewe, hata tanuri likibadilishiwa mafuta.