Pedali Imenyamaza? Iache Transista Kwanza

Jumapili moja, saa mbili asubuhi, kijana anayepiga gitaa kanisani alinigongea mlango hapa Sugoi akiwa na mkebe wa biskuti kwapani. Ndani ya mkebe mlikuwa na pedali ya fazi aliyojiundia mwenyewe. Ibada ni saa nne, na pedali haitoi hata mnong'ono.

"Mzee, nikopeshe nauli niende 64 nikanunue transista," akasema. 64 ndiyo Eldoret, jina lililobaki tangu enzi za shamba namba 64. Transista zenyewe alikuwa ameshazibadilisha mara mbili.

Nikafungua mkebe, nikachomeka gitaa. Ikalia. Nikafunga kifuniko: kimya. Matone ya risasi chini ya bodi yalikuwa yakigusa bati, na bati limeungwa na ethi. Kipande cha katoni kikamaliza shida. (Pakiti ya maziwa ya kukaa muda mrefu usiitumie, ndani ina alumini.)

Fazi ni kitu kidogo. Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966, ina transista 2, rizista 4, kapasita 3 na vifundo 2 vya kuzungusha. Kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Katika zile zilizopita mikononi mwangu, kosa limekuwa kwenye jeki, waya au risasi mara nyingi kuliko kwenye transista.

Anza na jeki. Ile ya kuingizia huwa ya stereo kwa sababu ndiyo swichi ya betri: plagi ya gitaa ikiingia, huunganisha hasi ya betri na ethi. Ukiweka jeki ya mono hapo, au ukichomeka gitaa kwenye tundu la kutokea, usitarajie kitu. Adapta ya kisimbuzi nayo iache kwenye televisheni. Nyingi ni za volti 12 na chanya iko katikati, ilhali pedali nyingi hutaka volti 9 na hasi katikati. Kukiwa na mvumo, jaribu betri; ukipotea, mkosaji ni adapta.

Stima inafika lakini sauti haitoki? Jitengenezee kipimo. Chukua waya mbovu wa gitaa, ukate, ubakize plagi moja. Waya wa ndani ulehemu kwenye kapasita iliyoandikwa 104. Wa nje uufunge kwenye ethi ya pedali. Plagi iingie kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini kabisa. Sasa ingiza muziki wa simu kwenye pedali, kisha kwa ule mguu huru wa kapasita gusa njia ya sauti hatua kwa hatua, kuanzia jeki ya kuingizia. Unasikia, unasikia, unasikia, husikii: kosa liko kati ya sehemu mbili ulizogusa mwisho. Mguu huo usiupeleke ndani ya amplifaya. Huko kuna stima ya kuua.

Sauti ikifia kwenye transista, tazama miguu kabla ya kuilaumu. Upande bapa ukutazame, miguu chini, usome kutoka kushoto. BC547 ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni kinyume chake. C945, ile tunayong'oa kwenye redio mbovu, ni emita, kolekta, besi. Mchoro ukitaka BC547 nawe ukapachika C945 kwenye matundu yaleyale, hata ununue kumi hazitalia vizuri. Ikiwa imepachikwa sawa na stima ipo, kati ya besi na emita mita husoma karibu volti 0.6.

Rizista zisomee nje, mchana. Chini ya taa, nyekundu na chungwa ni ndugu: kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000, lakini mstari wa tatu ukiwa wa chungwa ni 10,000. Mikwaruzo nayo huwindwa kwa kijiti cha mbao. Sukuma kipande kimoja kimoja huku pedali ikilia. Kinachokwaruza, pasha risasi yake moto upya.

Kijana aliwahi ibada. Wiki iliyofuata akarudi, betri imekufa. Alikuwa akiulaza waya wa gitaa ndani ya pedali usiku kucha, na swichi ya betri ni ile jeki. Ukimaliza kupiga, chomoa.